Silabi kumi za daktari wa masikio

Mwezi wa nne pua yangu iliziba ikakataa kuzibuka. Nilikwenda hospitali moja ya rufaa, barua mkononi, nikaelekezwa kwenye benchi nje ya mlango wenye kibao kipya ambacho rangi yake ilikuwa bado inanukia, au ndivyo walivyoniambia wenye pua. Kando yangu alikaa bibi mmoja mwenye pamba sikioni, na mjukuu wake, binti wa darasa la tatu hivi, yumo kwenye sare za shule. Bibi alikuwa ameisahau miwani nyumbani. Akamwambia mtoto, "Hebu nisomee pale juu, mama, tusije tukawa tumekaa kwenye foleni ya watu wengine."

Kibao kilikuwa chembamba na fundi aliyekiandika alikuwa ameishiwa nafasi. Mstari wa kwanza ulisema IDARA YA, wa pili OTORINOLARIN-, wa tatu GOLOJIA. Mtoto akaanza kama alivyofundishwa darasani, kidole hewani, silabi moja moja: o, to, ri, no, la. Nikatega sikio, maana ndiyo kazi yangu; nimefundisha fonolojia ya Kiswahili miaka mingi kuliko umri wa mama yake. Hakukwama popote. Alipofika mwisho wa mstari akasema "ri", akasita, akarudia "rin", kisha akanigeukia mimi kana kwamba kosa ni langu.

"Shikamoo. Hapo pamekatwaje?"

"Marahaba. Ni ri, halafu ngo. Ngo ya ngoma. Wameikata katikati."

Nikalisema neno zima ili asikie. Kwa pua ile, kilichotoka kilikuwa otoridolarigolojia. Mtoto akacheka, bibi naye akacheka hadi pamba ikamtoka sikioni. Sista akachungulia mlangoni, akasema watu wa ienti waingie upande wa kushoto, na hakuna aliyeuliza ienti ni kitu gani.

Tangu siku ile neno hilo limenikaa kichwani, na nimeona linastahili safu nzima. Kila ninapolitaja mbele ya watu, hata wasomi, wananiambia kwamba ni gumu kwa sababu ni refu. Mimi nasema urefu hauhusiki. Nenda stendi yoyote, msikilize wakala wa mabasi akiwaeleza abiria: "Tutakapowasafirishia mizigo yenu tutapiga simu." Hesabu neno lake la kwanza: tu-ta-ka-po-wa-sa-fi-ri-shi-a. Silabi kumi, na wakala amelitema huku akitafuna karanga na kuandika tiketi. Sasa hesabu la kibaoni: o-to-ri-no-la-ri-ngo-lo-ji-a. Kumi vilevile. Yanafanana hata mkia: moja linaishia shi-a, jingine ji-a, na mkazo, au shadda kama wasemavyo ndugu zetu wa Kenya, unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho katika yote mawili. Lugha inayounda maneno ya silabi kumi pale stendi haiwezi kuogopa neno la silabi kumi pale hospitalini.

Tena litazame vizuri. Kila silabi inaishia na irabu. Hakuna konsonanti iliyoachwa ikining'inia nyuma, hakuna konsonanti tatu zinazosukumana mlangoni. Ni o, to, ri, no, la: mtoto anayejifunza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu ameshapewa funguo zote. Ukimpa mtu asiyejua asili yake, ukamwambia ni jina la kijiji fulani cha bara, ataamini.

Uzuri huu haukuja kwa bahati. Neno limejengwa kwa vipande vinne vya Kigiriki: shina *ot-* la sikio, *rhin-* la pua, *laryng-* la sehemu ile ya koo inayobeba nyuzi za sauti, ambayo baadhi ya vitabu vyetu huiita zoloto na vingine koromeo, na *-logia*, elimu ya jambo. Wagiriki walipounganisha mashina mawili walipenda kuweka irabu *o* katikati, kama fundi anayetia gundi kati ya mbao. Sisi tuna a-unganifu katika "mtoto wa shule" na "daktari wa pua". Wao walikuwa na o-unganishi yao. Ot-o, rhin-o, laryng-o. Irabu hiyo ikishakaa mwishoni mwa kila kipande, kila kipande kinageuka kuwa mfululizo wa silabi wazi. Mgiriki alikuwa akitafuta gundi. Bila kujua akatengeneza neno la Kiswahili.

Wapo wasomaji ambao tayari wanaijua pua ya Kigiriki bila kujitambua. Mwongoza watalii anayemwonyesha mgeni kifaru kule Ngorongoro anamtajia mnyama ambaye jina lake la Kiingereza, lililotoka Kigiriki, maana yake ni mwenye pembe puani. Kipande cha kwanza cha jina hilo ndicho kilichomo kwenye kibao cha hospitali. Ile *h* baada ya *r* ni alama tu ya namna Wagiriki wa kale walivyopuliza *r* ya mwanzo wa neno. Warumi waliiandika, na Waingereza na Wafaransa wameendelea kuibeba bila kuitamka. Kiswahili hakina sababu ya kuibeba.

Kabla ya kuendelea, naomba msomaji afanye nilichofanya mimi bila kukusudia. Bana pua kwa vidole viwili na useme neno lote polepole. "Oto" itatoka salama. "Ri" pia. Ukifika "no" utahisi hewa imegonga ukuta, na sauti itageuka kuwa "do". "La" na "ri" zitapita. "Ngo" itagonga ukuta tena na kuwa "go". Hizo mbili ndizo zenye nazali, sauti ambazo hewa yake hupitia puani. Sasa achia pua, weka vidole viwili kooni, chini kidogo ya kidevu, rudia tena. Utahisi mtetemo tangu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mahali pamoja pafupi sana, penye *t*. Sauti nyingine zote za neno hili ni ghuna: nyuzi za sauti hazipumziki. Na wakati wote huo sikio lako linakagua. Sijui neno jingine la kitabibu linalotumia viungo vyake lenyewe namna hii ili liweze kutamkwa.

Basi kama neno ni letu kiasi hicho, kwa nini mtoto alikwama?

Alikwama kwa sababu fundi wa kibao, au yule aliyemwandikia karatasi, alilikata kwa kisu cha Kiingereza. Mwingereza analigawa hivi: o-to-rhi-no-lar-yn-gol-o-gy. Silabi tisa, na tatu kati yake zimefungwa kwa konsonanti: *lar*, *yn*, *gol*. Kwake, *n* ni ya silabi ya nyuma na *g* ni ya silabi ya mbele, kwa hiyo kistari kikikaa kati yao hakuna anayeumia. Katika Kiswahili *ng* ni kitu kimoja. Ni sauti ya "g" iliyotanguliwa na nazali yake, na zote mbili hupanda pamoja kwenye silabi inayofuata: nge-nge, ku-ngu-ru, mi-la-ngo. Hatusemi "milan" tukapumzika kisha "go". Hata Wagiriki hawakuwa mbali nasi hapa: umbo la umiliki la neno lao la zoloto waliliandika kwa herufi mbili za gama zinazofuatana, na matamshi yake yalikuwa yaleyale ya *ng* ya ngoma. Ni muhimu kusema ya ngoma, si ya ng'ombe. Nimewasikia wahudumu wa afya wakisema "laring'olojia", kwa *ng'* ya ng'ombe, wakidhani ndivyo ilivyo kitaalamu zaidi. Wameipoteza *g* ambayo Mgiriki aliiweka na Mwingereza mwenyewe bado anaitamka.

Kosa la kibao hulioni hospitalini tu. Fungua gazeti lolote la Kiswahili lenye safu nyembamba utakuta "nyum-ba", "milan-go", "kun-guru". Mhariri hajakosea; ameiachia kompyuta, na kompyuta imefundishwa kukata maneno kwa kanuni za lugha nyingine. Nyumba ni nyu-mba. Mtoto wa darasa la pili anajua. Inashangaza kidogo kwamba tunawasahihishia watoto mitihani ya silabi kwa kalamu nyekundu, kisha jioni tunasoma magazeti yenye makosa yaleyale wala hatuyaoni.

Sasa twende mahali ambapo jambo linakuwa tamu zaidi kwa wanaolipenda. Kila mwanafunzi wa sekondari ameulizwa swali la kubainisha mofimu, na wengi wameangukia pua kwa kuchanganya mofimu na silabi. "Anapika" kwa silabi ni a-na-pi-ka; kwa mofimu ni a-na-pik-a. Visu viwili, vipande tofauti. Mofimu hutafuta maana, silabi hutafuta pumzi. Katika otorinolaringolojia visu hivyo viwili vinakata karibu mahali pamoja: oto, rino, laringo, lojia. Mpaka wa kila kipande cha maana ni mpaka wa silabi pia, kwa sababu ya ile gundi ya *o*. Ndiyo maana ukimfundisha mtu vipande vinne hivyo, silabi zinakuja zenyewe.

Hali haiwi hivyo daima. Chukua hepatitisi, yaani homa ya ini. Kwa maana ni *hepat*, ini, na *-itis*. Kwa silabi ni he-pa-ti-ti-si: ile *t* ya ini imelihama ini na kwenda kukaa na jirani. Na hiyo *-itis*, kwa njia, ina hadithi yake. Leo madaktari huielewa kama uvimbe wenye joto na maumivu, lakini kwa Wagiriki ilikuwa kivumishi tu, maana yake "ya" au "inayohusu", kikikubaliana na neno "ugonjwa" ambalo baadaye lilidondoshwa. *Arthritis* ilikuwa "ugonjwa wa viungo", kisha ugonjwa ukapotea, ikabaki "wa viungo". Kwa hiyo yule mama anayesema "nina ya ini" na mwenzake akamwelewa, anafanya sarufi ileile.

Na hapo kwenye *-itis* ndipo Kiingereza kinapotuharibia zaidi. Waingereza hutamka koo lenye uvimbe *larinjaitis*, maana katika lugha yao *g* hulainika ikikutana na irabu za mbele kama *i*. Wanafunzi wetu wa udaktari huisikia hivyo, huiandika hivyo, na matokeo yake kitu kimoja kinakuwa na majina mawili: *laringo-* katika elimu na *larinj-* katika ugonjwa. Anayejifunza haoni kwamba ni zoloto ileile. Kiswahili hakina kanuni ya kulainisha *g*. Tunasema "giza" na "gita" bila shida. Tuseme laringitisi, la-ri-ngi-ti-si, na shina libaki zima.

Irabu nazo zina kesi yao. Katika Kiswahili irabu mbili zinazofuatana ni silabi mbili: ta-i, ka-a, u-a. Kwa hiyo tukipokea neno kupitia sikio la Mwingereza, aliyezoea kutamka *i* ndefu kama *ai*, tunajiongezea silabi tusizozihitaji. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* iliandika biolojia kwenye jalada, bi-o-lo-ji-a, silabi tano. Mitaani wengi wakabaki na baiolojia, ba-i-o-lo-ji-a, silabi sita. Saikolojia imeshinda kabisa sikolojia, na sitapigana vita iliyokwisha. Lakini neno letu la kibaoni bado ni changa midomoni. Mwandishi wake angemfuata Mwingereza angeandika "otoraino", na zingekuwa silabi kumi na moja. Aliandika "rino". Hapo nampa heko, yeyote awaye, hata kama mwisho wa mstari alinivunja moyo.

Wazungumzaji wa Kiswahili wa Kongo na Burundi wana kisu kingine kabisa. Wao hospitalini hukutana na Kifaransa, ambacho *yn* yake hugeuka irabu ya puani inayosikika kama "en" iliyobanwa, kwa hiyo anayelipokea neno kwa sikio hulisema kwa namna ya "larengoloji", mkazo mwishoni kabisa, bila *a*. Kifupi chao ni ORL, cha kwetu ni ENT. Mgonjwa wa Bukavu na wa Kigoma wanaweza kukaa meli moja kwenye Ziwa Tanganyika, wote wameugua sikio, wote wanazungumza Kiswahili, na wakitajiana idara waliyopelekwa wasielewane. Wakisema "daktari wa masikio" wanaelewana mara moja.

Kuna neno moja la kitabibu ambalo lilisafiri kinyume, kutoka kwetu kwenda kwao, na lilivyokatwa huko linafundisha zaidi kuliko mifano yangu yote. Mwaka 1952 na 1953 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ulizuka katika nyanda za Wamakonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa walitembea wamejikunja. Wenyeji waliuita chikungunya, kutokana na kitenzi chao *kungunyala*, kujikunja au kupinda, na mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden wakaupeleka katika maandishi ya kitabibu kwa jina hilohilo. Vitabu vingi vya nje husema ni neno la Kiswahili. Si la Kiswahili. Ni la Kimakonde, na heshima apewe mwenyewe.

Litazame: chi-ku-ngu-nya. *Chi-* ya mwanzo ni kiambishi, ndugu wa *ki-* yetu, ndicho kilichomo katika Chimakonde, jina ambalo wenyewe huiita lugha yao. *Ngu* ni silabi moja, *nya* ni silabi moja. Mwingereza amelikata *chik-un-gun-ya*. Kwa pigo la kwanza ameichukua *k* ya shina akaitia kwenye kiambishi. Kwa la pili ameipasua *ng*. Kwa la tatu ameipasua *ny*, sauti ambayo kwetu ni moja kama ilivyo katika "nyama". Silabi nne zimebaki nne kwa hesabu, lakini hakuna mpaka hata mmoja uliobaki mahali pake. Haishangazi kwamba wako waliosikia kuku ndani yake, kwa Kiingereza, wakadhani ugonjwa unatoka kwenye mabanda. Unatoka kwa mbu aina ya Aedes. Kisha sisi wenyewe, tunaposoma taarifa ya habari iliyotafsiriwa, tunalirudisha nyumbani likiwa na makovu hayo: nimemsikia mtangazaji akisema "chikun", akameza mate, kisha "gunya". Neno la Newala, limesomwa Dar es Salaam, kwa silabi za London.

Nisionekane ninayatetea maneno yote marefu. Yapo yanayotushinda kwa haki. Elimu ya macho kwa Kigiriki ina *phth* katikati, na ukiandika ofthalmolojia unapata of-thal-mo-lo-ji-a, silabi funge mbili mfululizo. Si haramu, tumekwisha kupokea silabi funge kutoka Kiarabu katika daf-ta-ri, mak-ta-ba na lab-da, na *th* tunayo tangu tulipopokea thelathini na thamani, jambo ambalo Mfaransa hana. Lakini mbili kwa pamoja zinachosha, ndiyo maana kila mtu anasema daktari wa macho na hakuna anayemkosoa. Kipimo cha presha nacho kina jina la Kigiriki linaloanza na *sf* na kufuatiwa na *gm*. Ukilitamka kwa Kiswahili unajikuta unatia irabu za kuokoa maisha kila baada ya konsonanti, kama tulivyofanya kwa burashi na kilabu. Liacheni liitwe mashine ya presha.

Otorinolaringolojia halina tatizo hilo. Ugumu wake wa kweli, nimeugundua baada ya kulisema mara nyingi mbele ya kioo, uko mahali pengine: ri, la, ri, lo. Ulimi unapanda kwa *r*, unatulia kwa *l*, unapanda tena kwa *r*, unatulia tena kwa *l*, na katikati umetupiwa nazali mbili. Ni mchezo uleule wa Liwali na wali wake tuliochezeshwa utotoni. Kwa mtu ambaye lugha yake ya nyumbani haitenganishi sauti hizo mbili ni kazi maradufu. Kimakonde hakina *r* ya asili, Kigikuyu hakina *l*. Mmakonde atasema "otolinolalingololojia" na katika kujisahihisha atajikuta ameongeza silabi. Dawa yake ni ya kimuziki. Lisemwe kwa vipande: oto, rino, laringo, lojia. Mbili, mbili, tatu, tatu. Nimewapa wanafunzi mpigo huo kwa kugonga meza, na kwa jaribio la tatu darasa zima huwa limelipata, Mmakonde na Mgikuyu wote pamoja.

Washairi wangelipata kwa jaribio la kwanza, maana wao silabi huziita mizani na huzihesabu kwa vidole. Huko Marekani idara hii mara nyingi huondolewa pua katika jina, ikabaki otolaringolojia. Hesabu: o-to-la-ri-ngo-lo-ji-a. Nane. Kipande cha utenzi ni mizani nane. Neno moja linajaza kipande kizima, na kina chake *a*, kina rahisi kuliko vyote. Nangoja mtunzi.

Linabaki swali la bibi. Yeye hakuja kuhesabu mizani, alikuja na sikio. Kwake kibao kile, hata kingekatwa vizuri, ni pambo. Na "ienti" ya sista haikumsaidia zaidi. Ni herufi tatu za Kiingereza, na zikitamkwa kwa mdomo wetu zinakuwa i-e-nti, kitu ambacho hakina sikio wala pua ndani yake. Inaniudhi kwa sababu tunajua kufupisha. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini, na walioliunda neno hilo hawakuokota herufi za mwanzo. Waliokota silabi za mwanzo, u, ki, mwi. Ndiyo sababu likatamkika siku ileile lilipotangazwa. UVIKO ilifuata njia hiyohiyo: u ya ugonjwa, vi ya virusi, ko ya korona. Kwa kanuni hiyo Masikio, Pua na Koo ingekuwa Mapuko. Sipendekezi, najua mtacheka. Lakini bibi angelikumbuka hadi nyumbani, na ienti hakuikumbuka hata hadi dirisha la dawa, nilimsikia akimuuliza mjukuu, "Wamesema tuko wapi?"

Neno refu lina wenyewe: wanaolisomea, wanaoandika vyeti, wanaotafuta makala za wenzao wa nchi nyingine. Hao nawaomba walitamke kwa mdomo wao na wasilione haya. Kwenye kibao liwe chini, dogo. Juu yake paandikwe Masikio, Pua na Koo, kwa herufi zinazosomeka bila miwani.

Na wewe fundi wa vibao, na wewe mpangaji wa kurasa za gazeti: neno likikushinda mstari, weka kistari baada ya oto, au baada ya rino, au baada ya laringo. Ukibanwa kabisa, weka baada ya ri. Baada ya n usiweke.